Nyumba Ndogo Katika Ripoti ya Kibara

Haipiti wiki bila mmoja wenu wathamini vijana kunipigia simu kuomba "templeti". "Shikamoo mama, naomba unirushie ile fomati yako ya ripoti ya vyombo, mteja yupo hapa ananisubiri." Naitikia marahaba, halafu namuuliza: huyo mteja ripoti anaitaka ya nini? Kimya. Ataisoma nani? Kimya tena. Basi na mimi nakaa kimya, tunasikilizana tunavyohema mpaka muda wake wa maongezi unakwisha. Mnaniona mchoyo, najua. Kijana mmoja wa hapa hapa Nyasura alimwambia binti yangu kwamba mama amestaafu na siri zake.

Siri sina. Nina hofu tu. Niliwahi kusimama mbele ya ukoo mzima kule Kibara nikisoma ripoti ambayo fomati yake ilichaguliwa hivyo hivyo, kwa simu na kwa haraka. Kabla sijamaliza ukurasa, kulikuwa na mwanamke pale ambaye ilimbidi achague: aondoke na injini yake bila heshima, au aondoke na heshima yake bila injini. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mshtuko wa siku ile haujanitoka. Mtu akitamka neno templeti, mwili bado unanisisimka.

Kwa wale tusiojuana, nilikuwa mthamini. Watu wakisikia mthamini wanafikiria viwanja na majengo. Mimi yangu ilikuwa mali inayobebeka: makochi, majokofu, cherehani, nyavu, pikipiki, hata ng'ombe. Ofisi yetu ilikuwa Musoma, na tulizunguka Butiama, Bunda na vijiji vya kando ya ziwa, popote palipokuwa na mtu aliyetaka kujua vitu vyake vina thamani gani. Na ripoti tulikuwa nazo za namna tatu. Kulikuwa na barua, ya kitu kimoja au viwili na msomaji mmoja. Kulikuwa na jedwali: jina la kitu, kilipokutwa, hali yake, bei yake, basi. Halafu kulikuwa na ripoti kamili, inayoeleza kazi imefanywa kwa sababu gani, kila kitu ni cha nani na tumejuaje, ni thamani ya aina gani tumeitafuta, na hata vitu ambavyo hatukuonyeshwa.

Jedwali ni tamu. Linaandikwa mchana mmoja, linapendeza macho, na mteja analipokea akitabasamu. Kwa sababu hiyo liogopeni.

Aliyenifundisha kuliogopa ni Mzee Bwire, mthamini wa zamani aliyenipokea ofisini nikiwa msichana mwenye viatu vya kuazima. Yeye mwenyewe lilimkuta Butiama, kwenye boma moja upande wa Mwitongo. Baba wa boma lile alitaka kuwagawia wanawe vyombo angali hai, Mzee Bwire akamwandikia jedwali. Alipofika kwenye kiti kimoja cha miguu mitatu, cha zamani sana, aliona sokoni hakina mnunuzi. Akaandika sifuri. Siku ya kukabidhi, yule baba alisomewa mpaka pale, akauliza, "Sifuri maana yake nini?"

"Ni kwamba hakina bei, mzee."

"Sawa. Basi kikalie."

Sasa, kiti kile hakikaliwi na mtu asiye mkubwa wa ukoo. Wanawe wote walimtazama Mzee Bwire. Mzee Bwire alibaki na karatasi yake mkononi, na yule baba akarudia kwa upole kabisa, "Kaa, baba. Si ni sifuri?" Mzee Bwire alituapia kwamba alishtuka kuliko siku aliyokutana na kiboko kwenye njia ya mahindi, maana kiboko angalau hakumkaribisha kiti. Alisimama mpaka kikao kikaisha. Kuanzia hapo alitufundisha kwamba kitu kisichouzwa hakipewi sifuri, kinapewa sentensi, na jedwali halina mahali pa kuweka sentensi. Kwa hiyo ukiingia nyumbani kwa mtu ukaona vitu vya namna hiyo, funga jedwali lako, andika ripoti kamili.

Mwingine alinishtua sokoni Bunda. Alinijia mwanaume simjui, ameshika barua yangu ndani ya mfuko wa nailoni, sahihi yangu kabisa. "Dada," akasema, "hii friji ambayo mlango tunafunga na kamba, ndo bei yake hii?" Kumbe kaka yake alikuwa na gesti, na mimi nilikuwa nimemwandikia barua ya bima. Bima inataka kujua kununua kipya ni bei gani. Kaka mtu akaichukua barua ile ile akamuuzia mdogo wake friji kuukuu kwa bei hiyo ya kipya. Nilibaki mdomo wazi katikati ya mafungu ya nyanya. Mzee Bwire nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. "Ripoti ina miguu," alisema. "Inafika kwa watu usiowajua, na wewe haupo wa kujieleza." Tokea siku hiyo kila barua yangu ilianza na mstari unaosema ni ya kazi gani, kwa ajili ya nani, na kwamba haifai kwa kazi nyingine. Mstari huo uwekeni juu, kwa herufi zinazoonekana. Chini hakuna anayefika.

Basi twende Kibara.

Kule alifariki Mzee Mafuru, mfanyabiashara wa samaki na mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Aliacha mjane, Mama Majura, na watoto wakubwa. Mdogo wake marehemu, Magesa, ndiye aliyeteuliwa kusimamia mirathi. Akapiga simu ofisini akitaka mali za ndani zithaminiwe, "ila kitu kifupi tu, cha kusomea kikao cha ukoo halafu tupeleke mahakamani". Simu aliipokea mwenzangu Hemedi, mtu wa Tanga, mchapakazi na mcheshi. Hemedi hakuuliza zaidi. Alisikia fupi, akachukua jedwali.

Alikwenda Kibara, akaandika vizuri kila alichoonyeshwa. Katika ua wa Mzee Mafuru kuna jengo kubwa walimoishi familia, na nyuma yake kuna kijengo cha mlango wa chuma, ambamo marehemu alikuwa akihifadhi vifaa vya uvuvi. Jedwali linataka kitu kilipokutwa. Hemedi akagawa vitu katika mafungu mawili, akayapa vichwa. Kila mtu anayeongea Kiswahili anajua vichwa vile vina maana gani nyingine, na Hemedi mtu wa pwani anajua kutuzidi. Lakini siku ile akili yake ilikuwa uani kwa Mzee Mafuru, inaona matofali na mabati.

Siku ya kikao yeye alikuwa na kazi Tarime, nikaenda mimi kusoma. Msinicheke: ripoti nilikuwa nimeipitia ofisini, bei nilizikagua moja moja. Niliisoma kwa macho. Hakuna aliyetuzoesha kuisoma kwa sauti, na macho yanasamehe maneno ambayo sikio haliyasamehe.

Wamefunga turubai uani. Wazee wako kwenye viti vya plastiki, mjane na ndugu zake wamekaa mkekani, majirani na wauza samaki wako upande wa geti. Nikasalimia, nikaanza. "Nyumba Kubwa. Makochi seti moja, yamechakaa. Runinga moja. Kabati la vyombo. Jokofu." Watu wanatikisa vichwa, kila kitu wanakijua. Nikageuza ukurasa.

"Nyumba Ndogo."

Pakatulia. Nikadhani ni utulivu wa heshima. Nikaendelea kwa sauti nzuri kabisa: "Injini ya mtumbwi, moja, inafanya kazi. Nyavu za sangara. Taa za sola za kuvulia dagaa. Godoro moja, limetumika sana."

Magesa akanyoosha mkono. "Mama wa ofisi, hebu rudia hapo."

Nikarudia, tena taratibu, nikidhani hawakusikia vizuri. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo nyumba ndogo ni ya nani?"

"Ya marehemu," nikajibu.

Mungu anisamehe. Lile jibu lilipotoka ndipo masikio yangu yalipofunguka. Nikayasikia maneno kama walivyoyasikia wao. Nikafungua mdomo niseme ni stoo, jamani, ni stoo. Sikuwahi. Upande wa geti, kati ya wauza samaki, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama.

"Mimi naitwa Nyakwesi," akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini aliinyoosha. "Wengine hapa mnanijuaga kwa dagaa. Kama marehemu aliniandikisha mwenyewe, sasa mimi nijifiche nini tena? Ile injini ni yangu. Nilinunuaga mimi, kwa pesa ya dagaa, yeye nikampa aifanyie kazi. Nyavu ni zake. Hiyo godoro mimi siijui."

Nawaambia ukweli, nimewahi kutishiwa panga na mtu aliyeona tumemshushia bei, wala sikushtuka vile. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyemvua nguo yule mama mbele ya watu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani ilitoka ndogo sana, "Mama, samahani. Nyumba ndogo hapa ni lile jengo pale. Stoo." Nikanyoosha kidole. Watu wote wakageuka kuitazama stoo, wakageuka kumtazama Nyakwesi. Mama Majura peke yake hakugeuka.

"Stoo?" Nyakwesi akauliza.

"Ndiyo, mama. Stoo."

Hakukaa. Nadhani alishindwa kujua mtu anakaaje baada ya hapo. Alishika pindo la kitenge chake akabaki amesimama, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze mimi kwanza.

Magesa akasimama kwa hasira. "Huyu mama aondoke. Amekuja kwenye msiba wetu kutuibia. Injini iko kwenye karatasi ya ofisi, ni ya kaka yangu, watagawana watoto wake."

Na hapo, vijana wangu, ndipo nilipoona tumefanya nini. Kwa Nyakwesi injini ile ilikuwa kila kitu alichonacho. Alikuwa ameshatoa heshima yake, na sasa jedwali letu lilikuwa linamnyang'anya na injini. Nikajaribu kueleza kwamba jedwali linasema injini imekutwa wapi, halisemi ni ya nani.

"Sasa nyinyi mlikujaga kuandika vitu vya nani?" Magesa akaniuliza.

Jedwali letu lilikuwa na safu ya hali, safu ya bei, safu ya mahali. Safu ya mwenye mali haikuwepo, kwa kuwa aliyepiga simu alitaka kitu kifupi.

Aliyesema ni Majura, kijana mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye mvuvi wa nyumba ile. Alikuwa ameinama muda wote. "Baba mdogo," akasema, "ile injini ni ya huyu mama. Samaki wa injini nilikuwaga nampelekea mimi."

Kwa msiokaa ziwani: mtumbwi ukirudi, samaki wanagawanywa. Wavuvi wana fungu lao, mtumbwi una lake, na injini ina lake, linakwenda kwa mwenye injini. Hakuna mtu Kibara anayehitaji kuelezwa hilo. Kwa hiyo Majura alikuwa amesema mambo mawili kwa pamoja, la injini na la kwamba yeye alijua, na macho ya ukoo mzima yakahamia kwa mama yake mkekani. Niliogopa kutazama. Nilitazama.

"Mnaniangalia mimi ya nini?" Mama Majura akasema. "Huyu nilikuwaga namjua. Injini inalala stoo kwangu, samaki wa injini hawalali kwangu hata siku moja. Mnafikiri mimi sijui kuhesabu sato? Kilichonishangaza leo ni ofisi ya Musoma kumjua."

Mzee mmoja alipata kikohozi cha muda mrefu sana. Magesa alikaa chini polepole, na nilimwonea huruma hata yeye, maana kwa dakika chache alikuwa amempoteza kaka aliyemfahamu, mara ya pili.

Nikaomba ruhusa niirudishe ile ripoti ofisini. Nikasema haifai kwa mirathi na haitakwenda mahakamani, tutaandika kamili. Wakanikubalia. Nyakwesi alikuwa ameshaondoka, sikumwona akitoka.

Hemedi aliporudi kutoka Tarime nilimpa ukurasa wa pili. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "La haula," akasema. "Na godoro la mlinzi nimeliweka hapo hapo." Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, hakurudi ndani mpaka chai ya jioni. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikashindwa. Mpaka leo sijaamua. Bila kile kichwa cha Hemedi, Nyakwesi angekaa kimya pale getini na injini ingegawiwa kama mahindi. Lakini mtu hapaswi kupata haki yake kwa njia ile. Alipaswa kufuatwa kwake, kwenye chanja za dagaa, aulizwe na mtu mmoja mwenye kalamu na mdomo uliofungwa. Hiyo ndiyo kazi ya ripoti kamili. Inakulazimisha uulize cha nani kabla hujauliza bei gani, na inakutuma kwa watu ambao mteja hakukutajia.

Kwa hiyo mkiniuliza fomati, mimi nauliza msiba uko wapi. Pakiwa na mirathi, talaka, au wanandugu wanaosalimiana kwa shida, jedwali peke yake ni hatari, hata mteja akilia kwamba ana haraka. Liwekeni mwisho, kama kiambatisho. Mahali pa kitu pataje kwa jina ambalo watu wa nyumba ile wanalitumia. Sisi tungeuliza tungeambiwa stoo, maana hakuna mtu pale aliyewahi kuiita jina lingine. Na kabla hujatia sahihi, funga mlango, simama, soma ripoti yote kwa sauti. Ofisi nzima ilinicheka nilipoanza kufanya hivyo. Hemedi hakucheka.

Ripoti kamili niliiandika mwenyewe. Nilikwenda kwa Nyakwesi, alinipokea kwa adabu, akanijibu nilichouliza na hakuniongezea. Fundi wa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, aliyemfungia injini alithibitisha, Majura akathibitisha. Injini nikaitoa kwenye mali za marehemu, nikaiweka kwenye sehemu ya vitu vilivyokutwa pale ambavyo si vyake. Jina la mwenye mali: Nyakwesi Masatu. Lakini fomati yetu ilikuwa na nafasi moja mbele ya jina, inataka uhusiano wa mtu huyo na marehemu. Nafasi ile niliiacha wazi. Nilirudi nayo Kibara ikiwa wazi, maana Mama Majura alisema safari hii haiendi mahakamani mpaka asomewe yeye kwanza, peke yake.

Nilimkuta uani anatoa sato magamba. Akaniambia nisome tu, mikono yake ina shombo, masikio hayana. Nikasoma. Nilipofika kwa Nyakwesi Masatu nikaacha kusoma.

"Mbona umenyamaza?"

"Hapa panataka uhusiano wake na marehemu, mama. Sijaandika kitu."

Aliendelea na yule samaki, upande mmoja, akamgeuza, upande wa pili. Magamba yalikuwa yanaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Nilishika kalamu, na nilijua kwamba lolote atakalosema nitaliandika, na litasomwa na hakimu, na Magesa, na wajukuu.

"Wewe ungeandika nini?" akauliza.

Nikaitazama ile nafasi tupu.

"Andika, mwenye injini," akasema, akamtia sato kwenye beseni na kuchukua mwingine.

Nikaandika hivyo. Hakimu alipofika hapo alinitazama juu ya miwani, akageuza ukurasa.